Antivairasi imegomesha kompyuta kuwaka: uanze na Safe Mode, urudi nyuma kwa System Restore au upige Windows upya?

Jumapili moja saa tatu usiku dada yangu kanipigia, sauti imemkauka. Anafundisha sekondari na kesho yake saa nne asubuhi alitakiwa kukabidhi matokeo ya kidato cha pili, yote yako kwenye laptopu. Mchana antivairasi ilijiapdeti ikamwambia aristati, akaristati, na toka hapo ni nembo ya Windows na vile vidoti vinazunguka vinazunguka mpaka feni inaanza kupiga kelele. Alishaipeleka kwa fundi wa mtaani kwake na jibu alilopewa ni moja tu, hapa ni kupiga Windows upya, mafaili tutaona kama yatapona. Hiyo "tutaona" ndo iliyomfanya anipigie, nikamwambia aje nayo kwangu usiku uleule.

Nimeamua kuandika hii kwa sababu naumia sana nikiona mtu anapoteza picha za mtoto wake au risachi ya chuo ya mwaka mzima kwa ugonjwa ambao karibu kila mara ni faili moja au draiva moja tu (draiva ni kiprogramu kinachofanya kazi ndani kabisa ya Windows). Kupiga Windows imekuwa ndo dawa ya kila kitu. Kabla hujafika huko zipo njia nyingine nne tano, na kila moja ina gharama yake ya muda, bando na mafaili, kwahiyo naziweka pembeni kwa pembeni uchague kulingana na mashine yako inavyoumwa.

Una uhakika ni antivairasi?

Angalia inakwamia wapi. Kama hata nembo ya kampuni ya laptopu haitokei, skrini nyeusi toka mwanzo au inapiga milio, achana na antivairasi maana hapo haijafikiwa hata kusomwa, hiyo ni ramu, diski au umeme, peleka kwa fundi wa vifaa. Antivairasi inaanza kuhusika pale Windows yenyewe inapoanza kupanda: vidoti vinazunguka bila kuisha, au inajizima na kujiwasha, au skrini ya bluu (kwenye Windows 11 za karibuni ni nyeusi yenye maandishi) inakuja na jina la draiva pale chini. Hilo jina lipige picha na simu haraka kabla halijapotea, ni dhahabu. Likianza na asw ni Avast, avg ni AVG, klif ni Kaspersky, mfehidk ni McAfee, eamonm au ehdrv ni ESET, WdFilter ni Defender ya Windows yenyewe, csagent ni CrowdStrike ya maofisini. Na kama unafika mpaka kuingiza paswedi afu unapata skrini nyeusi na mshale tu, jaribu Ctrl+Alt+Del, ikikubali kufungua Task Manager ujue Windows yako ni nzima ila kuna kitu kinaizuia kumalizia.

Kingine cha kujiuliza ni nini kilibadilika siku hiyo. Dada yangu alikuwa na antivairasi mbili, moja ya majaribio ilikuja na laptopu na nyingine aliwekewa na mfanyakazi mwenzake, na zote mbili zinataka kukagua kila faili kwa wakati mmoja. Mchana ule moja ikapanda toleo. Sikuhitaji kutafuta zaidi ya hapo.

Magonjwa ni matatu, na dawa si moja

Hapa ndo naomba utulie, kwa sababu watu wanachagua njia bila kujua wanatibu nini.

Antivairasi sio programu kama ya kuchezea muziki. Ina draiva zinazoingia ndani kabisa ya moyo wa Windows, na tangu Windows 8 kuna utaratibu unaoiwahisha ipande kabla ya draiva nyingine za nje ili virusi visiitangulie. Sasa ikijikwaa kule chini inaanguka na mashine nzima. Huo ndo ugonjwa wa kwanza, draiva ya antivairasi yenyewe imeharibika. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima iliuona: CrowdStrike walituma faili moja la apdeti saa moja na dakika 9 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, wakaliondoa saa mbili na dakika 27, na ndani ya muda huo mfupi kwa hesabu ya Microsoft kompyuta kama milioni 8.5 zikawa skrini ya bluu, ndege zikakwama na baadhi ya mahospitali yakasimamisha baadhi ya huduma. Na dawa yake ilikuwa nini? Kuingia Safe Mode, kufungua folda ya CrowdStrike ndani ya drivers na kufuta faili linaloanza na C-00000291. Faili moja! Dawa yenyewe haikuhitaji kupiga Windows upya.

Ugonjwa wa pili ni antivairasi kula faili la Windows ikidhani ni kirusi. Tarehe 21 Aprili 2010 apdeti ya McAfee namba 5958 iliona svchost.exe ya Windows XP SP3 ni kirusi ikaiondoa, mashine zikawa zinajizima na kujiwasha na mtandao umekatika. Hapa kuiondoa antivairasi peke yake haisaidii kwa sababu faili limeshaondoka, lazima lirudishwe.

Wa tatu ni ugomvi, Windows imejiapdeti na antivairasi haijajiandaa. Apdeti za Windows za tarehe 9 Aprili 2019 ziligombana na Sophos, Avast, Avira na nyingine, mashine zikaganda wakati wa kuwaka au wa kuingia. Hapo huna haja ya kulaumu upande mmoja, ondoa kimojawapo mashine iwake.

Mlango ni mmoja

Karibu njia zote zinapitia menyu ya bluu ya matengenezo. Washa, vidoti vikianza kuzunguka shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, rudia mara mbili au tatu mfululizo, itaingia yenyewe kwenye Automatic Repair. Chagua Advanced options, kisha Troubleshoot, kisha tena Advanced options. Kila kitu kimekaa pale.

Ila kuna askari mlangoni anaitwa BitLocker. Laptopu nyingi za sasa zinakuja diski imefungwa kwa siri na mwenye mashine hajui kabisa, afu siku ya shida anaambiwa aingize ufunguo wa tarakimu 48. Usitishike na usikimbilie kufomati. Kama uliwasha laptopu kwa akaunti ya Microsoft, chukua simu, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa akaunti hiyohiyo, utaukuta. Kwa dada yangu mimi nilikuwa nasoma kutoka kwenye simu yake sita sita, yeye anaandika, makundi manane, na la tano tulikosea tukarudia. Kama ni laptopu ya ofisi ufunguo anao mtu wa IT, mpigie huyo kabla hujagusa chochote.

Safe Mode dhidi ya System Restore

Hizi mbili ndo zinazoshindana kweli, nyingine ni za akiba.

Safe Mode unaipata kwenye Startup Settings, bonyeza Restart, ukiletewa orodha ya namba bonyeza 4, au 5 kama unataka na mtandao. Windows inapanda na vitu vya lazima tu, draiva za antivairasi za nje nyingi zinaachwa nje. Faida yake kubwa ni kwamba ni kipimo na dawa kwa pamoja, ikiwaka vizuri huko ujue diski yako na Windows yako ni nzima na mchawi ni programu iliyowekwa juu yake. Mafaili yako unayaona palepale, chomeka flashi kopi kwanza vya muhimu ndo uendelee.

Sasa mitego yake. PIN mara nyingi haikubali kule, inataka paswedi halisi ya akaunti, na watu wengi miaka miwili wanaingia kwa PIN au kidole paswedi wameshaisahau. Na usidhani utaibadilisha kwa simu ikubali papo hapo, bila mtandao mashine inaijua ile ya zamani tu. Tulipoteza karibu nusu saa hapo mpaka dada akaikumbuka imeandikwa nyuma ya daftari lake la maandalio ya masomo. Mtego wa pili, kuondoa antivairasi kwa njia ya kawaida ndani ya Safe Mode mara nyingi kunagoma kwa sababu huduma ya Windows Installer haifanyi kazi kule. Ndo maana kampuni zenyewe zimetengeneza vifaa vya kung'olea: Avast wana Avast Clear, ESET wana ESET Uninstaller, Kaspersky wana kavremover, McAfee wana MCPR. Danlodi kutoka kwenye tovuti ya kampuni yenyewe na sio popote pengine, unaweza kudanlodi kwa simu ukahamisha kwa waya wa USB au flashi, maana waifai kwenye Safe Mode inasumbua mara nyingi.

System Restore yenyewe inarudisha rejista (daftari la mipangilio ya Windows), draiva na programu kama zilivyokuwa siku fulani ya nyuma, nyaraka na picha zako haizigusi. Ukiipata ina restore point ya juzi, yaani kumbukumbu ya hali ya mashine ya siku hiyo, ni nyepesi kuliko Safe Mode, unachagua tarehe unabonyeza unasubiri, haihitaji kujua jina la draiva wala kudanlodi chochote. Na kwa ugonjwa wa pili, ule wa faili la Windows kuliwa, naiweka mbele ya Safe Mode bila kusita kwa sababu inaweza kulirudisha. Iendeshe kutoka kwenye ile menyu ya bluu na sio ndani ya Windows, kwa sababu ndani ya Windows antivairasi yenyewe huwa inajilinda na kuizuia isimalize.

Udhaifu wake ni mmoja ila ni mkubwa, kwenye mashine nyingi unaikuta imezimwa, unafungua unaambiwa hakuna restore point hata moja. Ndo ilivyokuwa kwa dada. Na hata ikikubali, antivairasi inaweza kubaki nusu ya zamani nusu mpya, kwahiyo mashine ikiwaka tu ing'oe kwa kifaa chake uiweke upya ukitaka, usiiache hivyo ukaendelea na maisha, kesho itajiapdeti utarudi palepale.

Kwahiyo mimi nachagua hivi: naangalia System Restore kwanza kwa dakika mbili kama kuna point ya kabla ya tatizo, ikiwepo naitumia, isipokuwepo Safe Mode. Ila kama kwenye kompyuta kuna kitu kisicho na kopi popote, naanza na Safe Mode hata kama point ipo, kwa sababu nataka mafaili yatoke kwanza.

Kwenye orodha ileile ya namba kuna 8, inayozima ule ulinzi wa mapema wa antivairasi kwa kuwasha kwa mara hiyo moja tu. Ijaribu kama Safe Mode inakataa paswedi, inachukua dakika moja, ikikubali utaingia na PIN yako kama kawaida. Ila haizimi draiva zote za antivairasi kwahiyo usiiwekee matumaini yote.

Na kama ni ule ugonjwa wa tatu, Windows ilijiapdeti jana usiku na leo imegoma, usihangaike na yote hayo juu, kwenye menyu ileile kuna Uninstall Updates, chagua quality update (apdeti ya kawaida ya kila mwezi) ya mwisho iondoe. Ikiwaka iapdeti antivairasi kwanza ndo uirudishie Windows apdeti yake.

Dirisha jeusi la amri

Hii ni ya mtu asiyeogopa kuandika, na ni ya pale Safe Mode nayo imegoma. Faida yake ni kwamba unaigusa diski Windows ikiwa imelala, hakuna antivairasi ya kukuzuia. Fungua Command Prompt kwenye ile menyu, na jambo la kwanza usiamini kwamba C ni C. Kule ndani herufi zinabadilika, andika `dir C:\Windows`, ukiambiwa haipo jaribu `dir D:\Windows`, mpaka uione. Nimeona mtu kahangaika saa nzima anatafuta faili kwenye kipande cha diski ambacho sio chenyewe.

Ukishaipata, nenda kwenye folda ya System32\drivers na ubadilishe jina la draiva uliyoiona kwenye skrini ya bluu, kwa mfano `ren D:\Windows\System32\drivers\jina.sys jina.old`. Badilisha jina, usifute! Baadhi ya draiva za antivairasi zimejisajili katikati ya Windows na diski, ukiiondoa ghafla unaweza kupata kosa jipya la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, sasa kama ulibadilisha jina tu unarudi unalirudisha lilivyokuwa, kama ulifuta umejiongezea ugonjwa.

Kwa faili la Windows lililoliwa kuna `sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows`, weka herufi yako, inakagua mafaili ya mfumo na kurudisha yaliyoharibika. Inachukua muda, iache.

Ukilinganisha na Safe Mode, dirisha jeusi ni kali zaidi ila halikuoneshi kitu, ukikosea herufi moja umegusa kingine. Bila jina la draiva usiingie kule kubahatisha.

Flashi ya Linux

Hii haitibu, hii inaokoa. Linux ni mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Unatengeneza flashi ya aina zake mojawapo, Ubuntu au Linux Mint, kwenye kompyuta ya rafiki, GB 8 inatosha, unawashia mashine kutoka kwenye flashi, unachagua kuijaribu bila kuiweka, unafungua diski yako unakopi nyaraka kwenda diski ya nje. Diski ikifunguka kwa kusoma tu usijali, mara nyingi ni kwa sababu Windows haikuzimwa kabisa, na kwa kukopi inatosha. Ila kama diski imefungwa na BitLocker ufunguo ule wa tarakimu 48 utahitajika hata huku.

Fundi anayejali angeanza na hii kabla ya kutamka neno fomati. Ukipeleka mashine kwake mwulize hivyohivyo, fundi utanitolea mafaili kwanza? Akisita, ichukue.

Reset na kupiga upya

Kuna tofauti ambayo watu wengi hawaambiwi. Reset this PC iko kwenye menyu ileile ya bluu na ina chaguo la Keep my files, inaondoa programu zote ikiwemo antivairasi mkorofi na kubakiza nyaraka zako. Utapoteza Office uliyoweka, programu ya uhasibu, draiva ya printa, vyote utaweka upya. Inakuuliza pia Cloud download au Local reinstall, ya kwanza inavuta GB 4 na zaidi kwahiyo kama unatumia bando la simu chagua Local, isipokuwa kama unajua mafaili ya Windows yenyewe ndo yameliwa, hapo bora ulipie bando. Ichomeke kwenye chaji na kama umeme wa kwenu unakatika katika usiianze usiku huo, ikizimika katikati unaweza kubaki huna kitu.

Kupiga upya kwa flashi na kufuta diski ni kisafi zaidi, hilo nakubali. Lakini kwa tatizo la antivairasi sijawahi kuona sababu ya kufika huko kama mafaili hayajatolewa, isipokuwa diski yenyewe inakufa au kuna kirusi kweli ndani. Kwa fundi ni kazi rahisi na anajua itaisha saa ngapi, kwa mwenye mashine ndo ghali kuliko zote.

Kuna jambo jipya la kukutia moyo. Baada ya ile Julai, Novemba 2024 Microsoft walitangaza kitu kinaitwa Quick Machine Recovery na sasa kipo kwenye Windows 11 kuanzia toleo 24H2, mashine ikishindwa kuwaka inaingia yenyewe mtandaoni kutafuta dawa kama Microsoft wameshaitoa. Inasaidia pale tatizo limewakumba wengi, kwa mgongano wa antivairasi mbili kwenye laptopu yako peke yako bado utahitaji mikono.

Ikishawaka

Baki na antivairasi moja inayolinda muda wote. Ukiondoa ya nje, Defender inajiwasha yenyewe, hubaki uchi, na kwa mtu wa matumizi ya kawaida ya nyumbani na ofisi ndogo mimi naona inatosha na ina nafasi ndogo ya kugombana na Windows kwa sababu wametoka nyumba moja. Ukiwa na sababu ya kulipia nyingine, sawa, lakini kabla ya kupanda toleo lake washa System Restore na tengeneza point kwa mkono, ni dakika moja.

Ya dada iliwaka saa sita na dakika arobaini usiku. Kwenye Safe Mode tulikopi folda ya matokeo kwenye flashi kwanza, nikang'oa antivairasi ya kwanza kwa kifaa chake, nikang'oa ya pili, nikaristati, vidoti vikazunguka kama sekunde kumi hivi afu ikaja picha ya wanae kwenye skrini. Hakusema kitu, alifungua Excel akaanza kuhesabu majina ya darasa mstari kwa mstari, wote walikuwepo. Zile tarakimu 48 ameziandika nyuma ya daftari lilelile la maandalio, chini ya paswedi, na nimemwambia akifika nyumbani azihamishie kwenye daftari lisilotoka ndani.